Mustang Yenye Mikwaruzo Iliyouzwa Dola Milioni 3.4, na Staa Aliyeiomba Akanyimwa

Januari 10, 2020, kwenye mji wa Kissimmee jimbo la Florida, ilipanda jukwaani ndinga moja ambayo ukiikuta kitaa ungemuonea huruma mwenye nayo. Rangi ya kijani imefifia, bodi ina mikwaruzo na kutu hapa na pale, viti vimechoka. Hakuna aliyejisumbua kuipiga rangi mpya kabla ya kuileta mnadani. Ilikuwa Ford Mustang GT ya mwaka 1968. Wenye hela zao wakaanza kupandishana, na nyundo ilipogonga bei ilikuwa dola milioni 3.4. Ukiweka na asilimia 10 ya wenye mnada, mnunuzi alitoa dola milioni 3.74. Kwa chenji ya wakati ule ni zaidi ya shilingi bilioni 8 za Kitanzania.

Sasa cheki hii. Mustang nyingine ya mwaka uleule, injini ileile, imenyooshwa, imepigwa rangi mpaka unajiona sura kwenye boneti, unaipata kwa makumi ya maelfu ya dola. Inang'aa, inawaka, ina kila kitu. Ile iliyochoka ikaipita mara nyingi sana.

Siri ya kwanza kila mtu anaijua. Ile ndinga iliendeshwa na staa mmoja wa Hollywood kwenye filamu ya Bullitt ya mwaka 1968, ile yenye scene ya kufukuzana kwenye vilima vya San Francisco ambayo mpaka leo waongozaji wa filamu wanaigeza. Lakini kuna Mustang za kijani kibao duniani ambazo wenyewe wanadai zilitoka kwenye filamu. Kinachofanya mtu atoe mamilioni kwa hii na kuzicheka zile nyingine ni jambo la pili, na hilo ndilo linalomhusu kila anayetaka kununua gari la zamani la Kimarekani, hata kama bajeti yake ni ya kawaida. Anayeinunua gari kama hii ananunua ushahidi kwanza, chuma baadaye.

Ili hilo liingie akilini inabidi kurudi mwaka 1964.

Wakati huo ndani ya General Motors kulikuwa na sheria kwamba gari la ukubwa wa kati lisiwekwe injini inayozidi inchi za ujazo 330, yaani lita 5.4 hivi. Wakubwa hawakutaka sifa za mbio. Pale Pontiac, ambayo ni kampuni ndani ya kampuni, wahandisi wakaona mwanya. Sheria ilizungumzia injini ya kawaida ya modeli. Haikusema kitu kuhusu vifaa ambavyo mteja anaongezea kwa hela yake. Basi wakachukua gari la kawaida kabisa, Tempest, wakaweka kwenye orodha ya nyongeza kifurushi cha karibu dola 300 kiitwacho GTO, na ndani ya kifurushi kukawa na injini ya inchi 389, karibu lita 6.4. Aliyekuwa mkuu wa uhandisi pale ni yule bwana ambaye miaka mingi baadaye alikuja kutengeneza gari lake mwenyewe lenye milango inayofunguka kwenda juu, akaingia kwenye kesi nzito ya madawa ya kulevya, akaachiwa huru. Mnaomjua mnamjua.

Watu wa mauzo walikubali zitoke 5,000. Mwaka huo wa kwanza zikauzwa 32,450. Huo ndio mwanzo wa gari za misuli. Body ya gari la baba mwenye familia, ndani injini ya kutisha, bei ambayo kijana mwenye kazi kiwandani anaimudu.

Lakini ule ujanja wa kupitishia GTO kwenye orodha ya nyongeza uliacha tatizo ambalo watu wanalilipia mpaka leo. Kwa kuwa haikuwa modeli inayojitegemea, namba ya chesisi ya GTO za 1964 na 1965 haisemi kwamba hii ni GTO. Inasema tu ni gari la familia ile. Miaka 60 baadaye mtu anachukua gari la kawaida, anabandika nembo, anaweka injini kubwa, na namba ya chesisi haimuumbui hata kidogo. Kinachoweza kumuumbua ni karatasi. Kwa bahati nzuri nakala za ankara za kiwanda za Pontiac zilihifadhiwa, na mnunuzi anaweza kulipia aone gari lake lilitoka kiwandani na kitu gani. Mwenye kuuza GTO ya miaka hiyo bila karatasi hizo, na bado anataka bei kamili, anamjaribu mtu.

Baada ya Pontiac kila kampuni ikataka ya kwake. Chrysler mwaka 1966 wakaingiza barabarani injini ya Hemi ya inchi 426, lita 7 nzima, iliyotokea kwenye mbio. Mwaka 1970 Chevrolet wakatoa Chevelle SS 454 yenye injini ya LS6, karatasi ikasema nguvu za farasi 450. Hizo namba zenyewe zisomwe kwa tahadhari. Mpaka 1971 kampuni nyingi zilikuwa zinatangaza nguvu ya injini iliyopimwa mezani, bila kufungwa mzigo wa kawaida kama eksozi kamili na vifaa vingine inavyokuwa kwenye gari. Kuanzia 1972 wakahamia kwenye kipimo cha injini ikiwa na mazagazaga yake yote, na namba zikaporomoka. Kwa hiyo mtu anayelinganisha gari la 1970 na la 1972 kwa kusoma tu karatasi anajidanganya, ingawa ni kweli pia kwamba injini zenyewe zilishaanza kupunguzwa makali.

Na waliozinunua walikuwa vijana. Walizishindanisha kwenye taa za barabarani, wakazipeleka kwenye viwanja vya mbio wikiendi, wakazikoroga mpaka zikapasuka. Injini ikifa, inatolewa, inawekwa nyingine yoyote iliyopatikana. Nani angejali? Lilikuwa gari tu. Hapo ndipo injini za asili zilipopotelea, na ndiyo maana leo neno linaloongeza bei kuliko yote kwenye tangazo ni kwamba namba zinaendana, yaani injini iliyopo ndani ndiyo iliyozaliwa na gari hilo.

Hata wauzaji wenyewe hawakujua wanachoshika. Mwaka 1969 dila mmoja wa mji mdogo wa La Harpe, Illinois, aliagiza Camaro 50 zenye injini ya ZL1, inchi 427, ya aluminiamu, iliyotengenezwa kwa ajili ya mbio. Alitegemea bei ya kueleweka. Bili ilipokuja, kila gari lilizidi dola 7,000, wakati Camaro ya kawaida yenye V8 ilikuwa chini ya 3,000. Jamaa akachanganyikiwa. Nyingi akazirudisha Chevrolet zikagawiwe kwa madila wengine, na nyingine zilikaa muda mrefu bila mteja. Kuna zilizotolewa ile injini ya thamani zikawekwa ya kawaida ili ziuzike. Jumla zilitengenezwa 69 tu. Leo moja ikiwa na injini yake ya kuzaliwa inaweza kufika dola milioni moja. Gari ambalo dila alililia ndilo hilohilo.

Sherehe ilikatika haraka. Kampuni za bima ziliona vijana chini ya miaka 25 wanakufa na magari haya, zikapandisha bima mpaka kwa wengine ikawa inauma kuliko rejesho la gari lenyewe. Mwaka 1970 ikapita sheria ya hewa safi. Mwaka 1971 General Motors wakashusha mgandamizo wa injini zao ili zinywe mafuta yasiyo na madini ya risasi. Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zikafunga bomba kwa Marekani kwa sababu ya vita ya Israeli na majirani zake, na foleni za mafuta zikazunguka mitaa. Gari linalokunywa mafuta kama lina hasira likawa mzigo. Watu wakaziuza kwa bei ya chochote ulichonacho.

Katikati ya hali hiyo, mwaka 1974, lilitoka tangazo dogo kwenye jarida la magari la Road & Track. Mustang ya 1968, ile ya Bullitt, ushahidi upo. Baada ya filamu gari hilo lilinunuliwa na mfanyakazi mmoja wa studio, halafu likaenda kwa askari polisi wa New Jersey, na sasa askari alikuwa analiuza. Akalichukua jamaa mmoja mwenye familia, kwa dola 6,000 hivi. Wakati huo Mustang mpya kutoka kiwandani bei ilianzia dola 3,000 na ushee. Kwa hiyo asije mtu akasema mshua aliokota dodo chini ya mwarobaini. Alilipa karibu mara mbili ya gari jipya, kwa gari la miaka sita, katikati ya shida ya mafuta. Alilipia hadithi yenye karatasi, wakati ambao karibu hakuna mtu mwingine aliyeona hiyo ni biashara.

Na hakuliweka kwenye vioo. Mke wake, ambaye alikuwa mwalimu, alikuwa analiendesha kwenda shule kufundisha. Gari lililoruka vilima vya San Francisco likawa linapaki nje ya shule.

Desemba 1977 ikaja barua. Aliyeandika ni yule staa mwenyewe. Alisema angependa kulirudisha gari lake mikononi, na kama bei haitakuwa kubwa kupita kiasi yuko tayari kumtafutia mwenye nalo Mustang nyingine badala yake. Fikiria mtu mkubwa kama yule anakuandikia barua ya kuomba. Mshua hakuuza. Miaka mitatu baadaye, Novemba 1980, staa akafariki kwa kansa akiwa na miaka 50. Mwaka huohuo klachi ya gari ikafa, likiwa limetembea maili 65,000 hivi, likasukumwa gereji. Likakaa humo. Familia ikahama jimbo, gari likahama nao, na hawakumtangazia mtu.

Huku nje mambo yakageuka. Kijana aliyekuwa na miaka 18 mwaka 1969, na hela ya kuitazama tu Hemi dirishani, kufika mwisho wa miaka ya 1980 alikuwa mtu mzima mwenye cheo na akaunti. Alitaka ndoto yake. Bei zikapanda, zikatikisika, zikapanda tena. Mfano wanaoupenda wengi ni Plymouth Hemi 'Cuda ya 1971 isiyo na paa. Zilitengenezwa 11 kwa hesabu inayokubalika na wengi, kwa sababu mwaka ule nani alikuwa na kichaa cha kuongeza karibu dola 900 kwa injini ambayo bima yake itamtoa roho? Juni 2014 moja iliuzwa mnadani Seattle kwa dola milioni 3.5.

Hela ikishafika kiwango hicho, wajanja wanaamka. Wanunuzi wengi hawapigwi kwenye hizo za mamilioni, maana zile zinachunguzwa na watu kumi. Wanapigwa huku chini, kwenye gari za dola elfu 40, 60, 90, ambapo mtu anatoa akiba ya miaka yake kwa furaha bila kuuliza vizuri.

Chukua Chevelle SS ya 1970, ndiyo inayoongoza kwa kughushiwa. Miaka ya 1966 mpaka 1968 namba ya chesisi ya SS ilianza na 138, kwa hiyo ilikuwa rahisi. Kuanzia 1969 SS ikageuzwa kifurushi cha nyongeza, na 1970 namba inaanza na 136, sawasawa na Malibu ya kawaida ya V8. Nembo za SS zinauzwa mpya. Boneti lenye mdomo linauzwa jipya. Mistari ya rangi ni kazi ya siku mbili kwa fundi mzuri. Na kwa Chevrolet zilizouzwa Marekani hakuna ofisi ya kiwanda ya kumuuliza lilitoka na nini. Kumbukumbu za namna hiyo zipo kwa General Motors ya Canada, kwa magari yaliyouzwa huko. Kwa hiyo ushahidi unaobaki ni ule uliojificha ndani ya gari lenyewe. Karatasi ya kiwandani iliyoorodhesha vifaa, ambayo wafanyakazi waliacha mara nyingi juu ya tangi la mafuta au kwenye springi za kiti, bado inakutwa humo imeliwa na panya nusu. Hiyo nusu iliyobaki inaweza kuwa na thamani kuliko injini.

Wenye hizo feki, ukiwabana, hawakubali neno feki. Wanasema ni gari la kuenzi. Hakuna ubaya, gari la kuenzi linaendesheka vizuri tu na linafurahisha, mradi linauzwa kwa bei ya kuenzi.

Injini nayo ina lugha yake. Kwenye gari nyingi za Kimarekani za kuanzia 1968, sehemu ya mwisho ya namba ya chesisi imegongwa kwenye injini na kwenye giaboksi. Zisipolingana, bei ishuke, hakuna mjadala. Zikilingana, kazi ndiyo inaanza, kwa sababu kuna watu wanasaga namba ya zamani na kugonga mpya. Kwenye Chevrolet ile sehemu inayogongwa namba ilinolewa na mashine ya kiwandani iliyoacha mistari myembamba sambamba. Ukiona namba nzuri zimekaa juu ya chuma laini kisicho na mistari ile, kuna mtu amepitisha msasa. Halafu kuna tarehe ya kumwagwa kwa chuma cha injini. Chevrolet waliiandika kwa herufi ya mwezi, siku, na tarakimu ya mwisho ya mwaka. C 14 9 ni Machi 14, 1969. Sasa kama gari liliunganishwa Februari 1969, ile injini ingekuwaje ndani yake? Hesabu ndogo kama hiyo, ya mtoto wa shule, imewahi kuokoa hela nyingi kuliko wanasheria.

Chrysler walikuwa waungwana zaidi, kwa sababu herufi ya tano ya namba ya chesisi inataja injini. Mwaka 1970 na 1971, R maana yake Hemi ya 426. Kama gari la miaka hiyo halina R, hakuna Hemi ya kuzaliwa, hata muuzaji aape kwa vitabu vyote. Ford nao waliweka herufi ya injini kwenye namba, na juu ya hapo kumbukumbu za uzalishaji kuanzia 1967 zimehifadhiwa, na kuna ofisi yenye leseni ya Ford inayotoa ripoti ya gari moja moja, rangi, kiwanda na vifaa vyake.

Ile Mustang ya kijani namba yake ni 8R02S125559. Nane ni mwaka 1968. R ni kiwanda cha San Jose, California. 02 ni ile body ya mgongo unaoteremka. S ni injini ya inchi 390 ya GT, nguvu za farasi 325. Zilizobaki ni namba yake ya foleni kiwandani. Karatasi za studio zilitaja namba hizohizo, na tena chini ya bodi kulikuwa na mabomba yaliyochomelewa kwa ajili ya kufungia kamera. Hakuna muigaji angekumbuka kuchomelea kitu ambacho hakionekani.

Baada ya namba ndipo mtu apige magoti aangalie chuma, na hapa wanunuzi wengi wanaanza kinyume. Wanafungua boneti kwanza. Injini hutengenezeka, kutu ndiyo inayomaliza watu. Sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa isikwaruze, ikipitishwa taratibu kwenye pembe za chini za milango na nyuma ya matairi, itadondoka mahali ambapo bati limegeuka puti. Kwenye Mustang za miaka ile maji yanaingia kwenye kibati kilicho chini ya kioo cha mbele na kuoza kimyakimya, na dalili unaikuta chini ya kapeti la miguu ya mbele. Kukitengeneza inabidi kuchana bati lililochomelewa, na bili yake inaweza kumeza punguzo lote ulilopewa. Gari zilizofunikwa paa la vinaili zinashika maji chini yake, hasa kwenye kona za kioo cha nyuma. Sakafu ya buti, chini ya kapeti. Chesisi, kwenye kona ambazo tope hukaa. Gari lililopigwa rangi wiki mbili kabla ya kuuzwa, na chini limepakwa lami nyeusi mpya kila mahali, lina jambo.

Bei sasa. Wamarekani wana madaraja ya hali ya gari, na kampuni ya Hagerty inatumia manne. La kwanza ni gari la maonyesho, bora kuliko lilivyotoka kiwandani. La pili ni zuri sana, ukiwa mbali utadhani la kwanza. La tatu linatembea na kupendeza ila lina dosari ukisogea. La nne lina kasoro za wazi lakini linawaka na kwenda. Karibu kila muuzaji duniani anaamini la kwake ni la pili. Mengi ni la tatu. Na kati ya daraja na daraja kuna hela nyingi, kwa hiyo ubishi wa bei kwa kweli ni ubishi wa daraja.

Kosa jingine ni kusoma bei za matangazo. Hiyo ni bei ya matumaini ya mtu. Minada inachapisha bei ambazo magari yameuzwa kweli, na hizo ndizo za kushika mkononi, gari la mwaka uleule, injini ileile, hali inayofanana, miezi ya karibuni. Halafu toa. Injini siyo ya kwake, toa. Rangi siyo ya kiwandani, toa kidogo. Karatasi hazipo, toa sana. Gharama ya kunyoosha mpaka lipande daraja nayo iwekwe mezani mapema, maana kufufua gari la namna hii mara nyingi kunakula hela kuliko gari lenyewe litakavyouzwa. Anayesema "nikilinyoosha litapanda bei" aombwe hesabu kwa maandishi, na alipie yeye. Na ada ya mnada isisahaulike. Ile asilimia 10 ya Kissimmee ilikuwa dola 340,000, kwa siku moja.

Kuna wakati kunyoosha kunashusha bei. Miaka ya karibuni wakusanyaji wamegundua kwamba rangi mpya inafuta ushahidi. Gari linaweza kupigwa rangi mara mia, lakini la asili lina mara moja tu. Ndiyo maana ile familia, baba na mtoto wake walipoanza kulishughulikia gari lao miaka ya 2000, na hata baba alipofariki mwaka 2014 na kijana kuendelea mwenyewe, michubuko iliachwa. Kilichotengenezwa ni kile cha kulifanya litembee.

Wakati kijana anajiandaa kulitoa hadharani, habari ikatokea Mexico. Baja California, kwenye yadi, likakutwa ganda la Mustang bovu kabisa. Waliolikuta walitaka kulijenga liwe kopi ya Mustang ya filamu nyingine kabisa. Mmoja akapata wazo la kwanza kusoma namba. 8R02S125558. Moja nyuma ya ile ya kijani. Lilikuwa pacha wake, lile lililotumika kwa michezo ya hatari kwenye Bullitt, ambalo watu waliamini lilishapondwa zamani. Bado kidogo tu lipakwe rangi nyingine, libandikwe nembo, liuzwe kama gari la kuigiza filamu ambayo halijawahi kucheza.

Januari 2018 kijana alipanda jukwaani kwenye maonyesho ya magari ya Detroit na ile ya 559, karibu miaka 40 tangu ifungiwe. Miaka miwili baadaye ikapelekwa Kissimmee, na barua ya yule staa ikaenda nayo kama sehemu ya mzigo. Aliyeomba gari kwa barua ile hakulipata. Aliyelipata hakutaka jina lake litajwe.